Mbio za Urefu wa Rozari

Mlabani, mtaa wetu wa Ifakara, mwanamke mzima akionekana anakimbia alfajiri, kuna msiba. Hakuna sababu nyingine inayomjia mtu kichwani. Mwizi hukimbizwa na wanaume, mtoto aliyechelewa shule hukimbia na begi mgongoni, lakini mama wa watu, mwenye nyumba na wakwe, akikatiza mtaa mbio kabla jua halijatoka, jirani anaweka ufagio chini na kutafuta kanga ya kujifunga kiunoni.

Ndivyo ilivyokuwa siku yangu ya kwanza. Nilivaa raba za mume wangu, nikazijaza vitambaa mbele ili zisinivuke, nikatoka. Nilipopita mashine ya kukoboa mpunga nikasikia vishindo nyuma yangu, lakini sikugeuka kwa sababu sikudhani kuna mtu wa kunifuata mimi. Nilipofika kwenye kalavati, pale mtaa unapoishia na mashamba ya mpunga yanapoanza, nikasimama kupumua. Wakanifikia wanawake wawili wa mtaa wetu, kanga ziko viunoni, mmoja ameshaanza kulia. Akanishika bega.

"Pole mama. Ni nani?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nafanya mazoezi. Alinitazama kwanza juu, kisha chini kwenye raba, akafuta machozi kwa pindo la kanga.

"Sasa mazoezi ndiyo ututoe machozi asubuhi yote hii?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nilimwomba radhi, tukarudi wote watatu kwa miguu, na kufika mchana mtaa mzima ulikuwa na habari. Kwa wiki kadhaa nikienda dukani kwa Mpemba kununua chumvi, aliniuliza kwa adabu zote marehemu anaendeleaje.

Niliwaambia watu kwamba ni presha. Hilo halikuwa uongo. Muuguzi wa zahanati alinifunga kile kitambaa mkononi, akatazama namba, akaniambia nipunguze chumvi na nifanye mazoezi. Chumvi sikuipunguza hata chembe. Mazoezi niliyadaka kwa mikono miwili, maana kwa mara ya kwanza tangu niolewe mtu mwenye sare nyeupe alikuwa ameniambia nitoke nyumbani.

Mama mkwe wangu alipata kiharusi miaka kadhaa kabla ya hapo. Upande wa kulia ulilala, ulimi ukabaki macho. Ni mwanamke wa upande wa Mahenge, aliyelima maisha yake yote na kuzaa watoto ambao walipokua waliondoka mmoja mmoja, huyu Dar, huyu Mbeya, huyu hatujui vizuri. Mume wangu ndiye aliyebaki. Tena hata yeye yuko kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu, anakuja baadhi ya Jumapili na mfuko wa sukari na nguo za kufua. Watu humsifu sana kwa kubaki kwake. Wanaponisifu mimi husema nina bahati ya kupata mume anayempenda mama yake.

Siku moja nilikuwa nimepeleka gunia la mpunga mashineni, na mama akajaribu kuinuka peke yake kwa ule mguu mmoja. Akaanguka, akaumia nyonga na kuchubuka uso. Ukoo ukaja. Walikaa kwenye mikeka, wakala ugali na kambale niliopika mimi, wakaongea kwa utaratibu mzuri hadi jioni, na uamuzi ukawa kwamba mama asiachwe peke yake. Hakuna aliyetaja ni nani asimwache. Sote tulikuwa tunajua, na mimi nilikuwa jikoni naosha sahani.

Kitu kimoja tu kilinipa nafasi, nacho kilikuwa rozari. Kila alfajiri, akishakunywa uji na dawa, mama huchukua rozari yake kwa mkono wa kushoto na hataki mtu chumbani. Ukiingia, hata kwa kufuata kibiriti, anaanza upya tangu ishara ya msalaba, na anahakikisha umesikia kwamba anaanza upya. Wakati anasali hatikisiki wala haiti mtu. Lakini akimaliza anataka kuinuliwa akae, pale pale, na asipomwona mtu anajaribu mwenyewe. Kwa hiyo mimi nilikuwa na urefu wa rozari moja wa kuishi nitakavyo, na nilikuwa nautumia kukimbia.

Saa sikuwa nayo, na simu niliiacha nyumbani ichaji. Nikawa nasali naye kwa mbali. Yeye alianza chumbani, mimi nilianza mlangoni, na niliuzoea mwendo wake wa kusali kama ninavyouzoea mwendo wa cherehani yangu. Tendo la kwanza, kati ya matano ya rozari, lilinifikisha mashineni. La pili lilinifikisha kwenye shamba la mitiki la padri. Katikati ya tendo la tatu nilikuwa kwenye kalavati, na hapo niligeuka, maana nusu iliyobaki ilikuwa ya kurudi. Mwezi wa Rozari mama aliongeza sala ndefu ya litania, na hiyo litania ndiyo ilikuwa likizo yangu. Nilikaa juu ya saruji ya kalavati nikatazama barabara inavyoendelea katikati ya mpunga kuelekea milimani, yangeyange wametapakaa kila mahali, na sikuwa na la kufanya. Kisha nikageuka. Shamba letu liko upande mwingine wa mji, hivyo sikuwahi kupata sababu ya kwenda huko mbele, na kwa mke wa mtu asiye na sababu barabara huwa fupi.

Watoto waliingia kwenye mbio hizi kwa amri ya bibi yao. Maneno ya mtaani yalikuwa yamemfikia, kitandani pale pale, kwamba mke wa mwanawe anakimbia kila siku na hakuna ajuaye anakokwenda. Hakunigombeza. Aliwaita watoto wangu, msichana aliyekuwa darasa la tano na mvulana wa darasa la pili, akawaambia mbele yangu, "Mama yenu asikimbie peke yake. Mfuateni."

Nilikasirika, na sitasema vinginevyo. Muda ule ulikuwa wangu peke yangu, kitu pekee ambacho sikugawana na mtu, na sasa nilikuwa nimepewa walinzi wawili wenye makamasi. Siku za mwanzo nilikimbia kwa nguvu makusudi ili wachoke. Mvulana alikimbia na malapa mkononi, akiita "Mama, subiri," na mimi nikijifanya sisikii hadi wenye bodaboda waliokuwa wakipita waliponiambia, "Mama, mtoto anakuita huku."

Lakini mtoto haangalii unachomfundisha, anaangalia unachofanya. Kabla mvua za vuli hazijaisha walikuwa wanakimbia kama mimi hasa. Nina tabia ya kubana kiwiko cha kushoto kwa sababu ya kuzoea kubeba mtoto upande huo. Wote wawili wakabana kiwiko cha kushoto, ingawa hawajawahi kubeba kitu. Nilipotema mate tukifika mashineni, nyuma yangu nilisikia mate mawili. Mvulana alijifunza hadi kushika kiuno na kusema "Ee Mungu wangu" tunapofika, kwa sauti ya mwanamke wa miaka arobaini.

Msichana alikuwa na macho makali zaidi. Aliona midomo yangu inacheza.

"Mama, unaongea na nani?"

"Nasali rozari."

"Si bibi anasali?"

"Nasali naye ili nijue amefika wapi. Tendo la tatu, katikati, tunageuka. Tukichelewa ataanguka."

Kesho yake midomo yake nayo ilikuwa inacheza. Baada ya muda akaanza kututangulia, maana miguu yake ilikuwa mirefu kuliko subira yake, lakini alisali kwa mwendo ule ule wa bibi, na katikati ya tendo la tatu, popote alipokuwa, aligeuka. Siku nyingine alikuwa ameshavuka kalavati kidogo, akageuka huko. Tulikutana naye njiani akirudi, akatupiga viganja mimi na mdogo wake, akapita. Nyumbani tulimkuta ameshaosha mikono na amesimama mlangoni kwa bibi, anasubiri amina ya mwisho.

Sijui nilianza lini kuwapenda wale walinzi wangu. Nadhani ni masika ile mto Lumemo ulipofurika. Kalavati ikafunikwa, mtaa ukawa maji, na kwa wiki nyingi hatukuwa na pa kwenda zaidi ya chooni. Nguo hazikauki, kuni zinatoa moshi, mama mkwe anaita, na mimi nazunguka ndani kama kuku aliyefungwa mguu. Msichana akaanza kukimbia kuizunguka nyumba, chini ya upenu, palipobaki pakavu. Mdogo wake akamfuata. Kisha nikawafuata mimi, mwanamke mzima, tunaizunguka nyumba yetu wenyewe kwa rozari nzima, hadi mama mkwe akapiga kelele kutoka chumbani kwamba vishindo vyetu vinamchanganyia punje. Tulicheka hadi mvulana akakaa kwenye matope.

Mwaka ule ule, maji yalipopungua, mwalimu wa michezo alinisimamisha sokoni. Alisema binti yangu ana pumzi ambayo hajaiona kwa mtoto wa shule ile. Kulikuwa na mashindano ya shule za tarafani, mbio za barabarani kutoka Sanje hadi Mkula. Wawili wa kwanza wangepelekwa kambini Morogoro, na huko, alisema, kuna shule ya bweni inayowachukua watoto wenye mbio na kuwasomesha.

Nilirudi nyumbani nikaketi kwenye cherehani na sikushona kitu. Ninaijua hesabu ya nyumba yetu. Msichana akikua pale ndani, bibi yake atakuwa bado kitandani, na mimi nitakuwa nimechoka, na mikono ya kusaidia itakayokuwa karibu zaidi ni yake. Tayari alikuwa anajua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Tayari majirani walikuwa wanasema, kwa kusifu, kwamba huyu ndiye atakayemtunza mama yake. Sifa hiyo iliniogopesha. Nilitaka apate nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Wifi yangu alikubali kuja kukaa na mama siku moja. Mume wangu yuko karibu na Mkula, hivyo yeye akaenda kusimama mwisho, kwenye uwanja. Mimi niliteremka kwenye basi katikati ya njia, nikasimama na akina mama wanaouza ndizi kando ya barabara, chini ya mlima. Sikutaka kumwona amefika. Nilitaka kumwona anakimbia bila mimi.

Alikuja wa kwanza. Nyuma yake palikuwa na nafasi kubwa, halafu msichana mmoja mnene wa Sanje, halafu kundi. Mwanangu alikuwa amebana kiwiko cha kushoto na macho yake yako mbele. Muuza ndizi mmoja akasema, "Huyu ameshamaliza kazi." Nikataka kusema ni wangu. Nikatazama midomo yake.

Ilikuwa inacheza.

Nilielewa kabla halijatokea, nikaingia barabarani, nikafungua mdomo kumwita. Akanipita bila kuniona. Hatua chache mbele akapunguza mwendo, akageuka kwa utulivu kabisa, kama anavyogeuka kila siku, akaanza kukimbia kurudi Sanje.

"Huyu mtoto amesahau nini?" muuza ndizi akauliza.

Akakutana uso kwa uso na yule msichana wa Sanje, akamkwepa kwa adabu. Akakutana na kundi. Mwalimu wa michezo, aliyekuwa nyuma kwenye pikipiki, akapiga filimbi na kunyoosha mkono kuelekea Mkula. Hapo ndipo mwanangu alipotazama kulia na kushoto, akaona mlima badala ya mpunga, watu asiowajua badala ya mitiki, akakumbuka alipo. Akageuka tena na kukimbia kwa nguvu zake zote huku analia. Aliwapita wengi. Alifika wa nne.

Uwanjani mume wangu alicheka na kumpapasa kichwa. "Ulikuwa unamrudia mama yako, eh?" Mwalimu hakucheka. Alimuuliza mara mbili kilichotokea, na mara zote mbili mtoto alisema hajui. Mwalimu akanivuta pembeni akaniambia mtoto ana woga wa watu, nimzoeshe, mwakani ni darasa la saba na itakuwa nafasi yake ya mwisho. Niliitikia. Ningemweleza nini? Kwamba mtoto hana woga wowote, ila kila alichojua kuhusu kukimbia alikipata kwangu, na mimi nilimfundisha kurudi?

Kwenye basi la kurudi alilala begani kwangu. Tulipokaribia Ifakara akasema bila kufumbua macho, "Nilifika tendo la tatu, mama. Miguu ikageuka yenyewe."

Nilimwambia najua.

Niliacha Jumapili ipite. Jumatatu mama mkwe alipokunywa uji na kushika rozari tulitoka wote watatu kama kawaida. Nilimwambia binti yangu asisali, akimbie tu. Alijaribu, nikaona anauma midomo ili isicheze. Tulipofika kwenye kalavati akasimama mwenyewe, akageuza mabega.

"Leo unapita," nikasema.

"Tunakwenda wapi?"

"Wewe. Nenda mbele."

Akaangalia barabara, kisha akaniangalia mimi. "Nitajuaje pa kugeukia?"

"Ukichoka."

"Na bibi?"

"Bibi ni wangu."

Hakuondoka. Alisimama pale anachezea pindo la sketi yake ya michezo, na nilimwona anahesabu bila kutaka, anamfuata bibi yake punje kwa punje. Nikapandisha sauti. Nilimwambia maneno makali ambayo hakustahili, kwamba nimechoka kumwona miguuni pangu, aende. Machozi yakamlenga. Akageuka akaanza kukimbia polepole, anatazama nyuma, kisha kwa kasi kidogo, kisha sawasawa. Alipofika penye ng'ombe wa Wasukuma wanaovuka barabara akapita katikati yao, na akaacha kutazama nyuma. Kiwiko cha kushoto kilikuwa bado kimebanwa. Nilimtazama hadi fulana yake ikawa nukta, na nilimwonea wivu mwanangu wa kumzaa, wivu mkali, kwa sababu alikuwa anaona yaliyoko huko mbele na mimi sitayaona.

Muda wangu ulikuwa umekwisha. Mama mkwe alikuwa ameingia tendo la nne, nilimsikia kabisa. Nikamgeukia mvulana wangu.

"Na wewe, mfuate dada yako. Nenda."

Alikuwa ameshageuka. Hakuna aliyemwambia. Vidole vya miguu yake vilikuwa vinatazama nyumbani.

"Dada aende," akasema. "Mimi nitabaki na wewe."

Alisema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Nilijua la kufanya. Dakika ile ile nilikuwa nimelifanya kwa dada yake, na maneno makali yalikuwa bado mdomoni. Nilipaswa kumfokea, nimsukume, nimtupie hata donge la tope, akimbie asitazame nyuma. Nikatafuta ile hasira nikakuta haipo. Palikuwa na utamu tu, mtamu kuliko kitu chochote nilichoonja mwaka ule, kwamba kuna mtoto wangu mmoja aliyenichagua mimi. Nikamfikiria mama mkwe wangu pale kitandani, na nikaelewa kwamba naye aliwahi kusimama mahali fulani akaambiwa hivi na mwanawe, yule aliyebaki.

Nikamshika mkono, tukarudi nyumbani.